Mwezi wa Msumari

Thabit alipochomoa waya wa kile kifaa kinachopima hewa ya injini, gari lililokuwa likikohoa likatulia.

"Kapteri ya hewa imekufa, shefu," alimwambia mteja wake, bwana wa miwani myeusi na bastola kiunoni. "Naweka ingine."

Akakifungua, akakigeuza. Chini yake palikuwa na mwezi mchanga uliochorwa kwa msumari.

Thabit aliutambua. Ni yeye aliyeuchora. Kila kifaa alichomfungia mtu alikitia mwezi ule, na hiki alikifunga katika gari jeupe la mwalimu mmoja wa Kinindo, aliyetoka na mkewe kwenda Gatumba wasifike. Gari hili lilikuwa la kijani. Lakini kwenye bawaba za boneti, rangi nyeupe ilikuwa ikichungulia.

"Iko nini, fundi?"

"Apana kitu, shefu."

Akafunga kifaa kingine, asichore chochote. Injini ikanguruma vizuri. Akafunika boneti, akimwomba Mungu kimoyomoyo mtu yule aende zake.

Yule bwana hakuingia garini. Aliinama kwenye sanduku la spana, akapekua taratibu, akatoa msumari, akamnyooshea.

"Fundi, mwezi yako leo hauchore?"