Wiki Sita za Bwana Harusi

Siku ya tatu asubuhi bibi aliona vidonge vitano vya kinyesi kwenye taulo, akamshukuru Mungu kwa sauti.

“Kidoti! Njoo uone! Bwana Harusi amekunya!”

Mjukuu wake alikuja mbio bila viatu. Wakainama wote wawili juu ya boksi, wakavikodolea macho vile vidonge vyeusi kama watu waliookota vito.

Tangu daktari wa mifugo amhasi Bwana Harusi, sungura wao wa kufuga, bibi hakuwa amepata usingizi wa maana. Sungura asipokula tumbo lake husimama, daktari alimwonya, na likisimama ndiyo basi tena. Kwa hiyo bibi alimviringisha kwenye taulo, akampakata, akamlisha uji wa majani kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, pembeni mwa mdomo. Alimpa dawa ya maumivu kwa saa zake. Maranda ya kwenye boksi aliyatoa yote yasije yakaingia kwenye mshono.

“Mama, hata mimi hukunilea hivyo,” mwanawe alimtania.

“Wewe ulikuwa unakula bila kubembelezwa.”

Mwanawe alikuwa mpima ardhi, mtu wa hesabu na mistari iliyonyooka. Ndiye aliyeamuru sungura ahasiwe, jike lake lilipozaa mara ya tatu. “Nyumba hii imemaliza kuzaa,” alisema, huku anajipulizia manukato mbele ya kioo. Siku hizi hakutoka bila manukato. Mama yake alimwonea huruma. Mwanamume aliyefanyiwa yale, mwache ajipulizie.

Yale yalitokea miezi minne nyuma. Mke wake, mama Kidoti, alitangaza mezani kwamba ana mimba, anacheka kwa furaha. Mume akainuka, akarudi na karatasi mbili za hospitali. Alikuwa amefunga uzazi, kimya kimya, akiwa kwenye safari ya kikazi. Kwa hesabu ya kliniki, mimba ilishika wiki tatu baada ya hapo. Bibi, ambaye shule yake iliishia darasa la tatu, aliomba asomewe. Mwanawe akasoma karatasi ya juu, tarehe na muhuri. Ya chini akaikunja akaitia mfukoni.

“Mama, naapa,” mkwewe alilia. “Sijui mwanamume mwingine. Mwezi ule yeye mwenyewe hakuniacha hata usiku mmoja.”

“Nyamaza!” bibi alimkemea. “Na karatasi nayo inakusingizia?”

Bibi ndiye aliyefungasha sanduku lake. Bibi ndiye aliyeziba mlango kwa mwili wake, asirudi ndani kumuaga mtoto. Habari zilipofika kwamba analala kwenye stoo ya kaka yake, juu ya magunia matupu, bibi alijibu akalale kwa mwenye mimba yake. Na Kidoti alikatazwa kutamka neno mama mle ndani. Alilitamka mara moja tu, akala kofi, akaenda kulala na njaa.

Mchana wa siku hiyo ya tatu walimpeleka Bwana Harusi akaangaliwe. Daktari, mwanamke mnene mwenye vicheko vya karibu, alipapasa mshono, akabonyeza tumbo.

“Bibi, njoo nikuajiri. Wengine hapa wananiletea maiti.”

“Basi leo tumrudishe kwa mke wake?” Kidoti aliuliza.

“Thubutu! Wiki sita, kila mmoja na chumba chake.”

“Si ameshahasiwa?” bibi akauliza.

“Ameshahasiwa, lakini mbegu zilizokwisha kutoka bado ziko njiani, kwenye mirija. Akimpanda jike wiki hii, utaletewa watoto kama kawaida. Watu wengi hawajui. Hata wanaume wanaofunga uzazi, mambo ni hayo hayo.”

Bibi alikaa kwenye benchi. Akahesabu kwa vidole, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaanza upya. Akakomea tena kwenye kidole cha tatu.

“Bibi, unaumwa?”

“Siumwi, mjukuu wangu. Twende nyumbani. Leo tunamleta mama yako.”

Kidoti alimtazama bibi yake, kisha akaziba mdomo kwa viganja viwili, kana kwamba yeye ndiye aliyelitamka lile neno.

Mpima ardhi aliporudi kutoka kazini alimkuta mama yake amesimama sebuleni, ameshavaa viatu. Chumba kilikuwa kimefagiwa, kitanda kimetandikwa shuka safi. Hakumpa nafasi hata ya kukaa.

“Baba, tumemwonea mwenzio! Daktari kasema sungura akihasiwa, wiki sita nzima bado anatia mimba. Na watu ni vivyo hivyo! Ile ilishika wiki ya tatu. Mtoto ni wako, mwanangu, ni damu yako mwenyewe. Hukujua, wala mimi sikujua. Magoti nitapiga mimi, radhi nitaomba mimi, wewe nipeleke tu. Twende tukamchukue sasa hivi.”

Mwanawe alivua saa ya mkononi, akaiweka mezani taratibu, akainyoosha ikae sawa na ukingo wa meza.

“Sungura ndiyo wiki sita, mama,” alisema. “Watu ni miezi mitatu. Waliniambia na kuniandikia pale hospitali, kabla hata sijashuka kitandani.”