Faili Zito la Bi Mashavu

Kila asubuhi kompyuta ya nyumbani ilitakiwa kusoma mafaili ya kumbukumbu za maisha ya wanafamilia wote. Ambaye faili lake halikusomwa alihesabiwa hayupo, na zahanati haikumpa dawa.

Kompyuta ya kina Shamte ilikuwa kuukuu, memori yake haifiki giga moja. Shamte aliiwekea mfumo mwepesi wa Linux na kuzima kila kisichohitajika, lakini kila ilipokaribia kumaliza kusoma, ilifunga faili la mama yake, Bi Mashavu. Linux ikielemewa huua kilicho kizito kuliko vyote, na mtu wa miaka sabini na minane ana mengi.

"Punguza chochote, mwanangu," mama alisema, siku ya tatu bila sindano ya sukari. "Miguu imeshakufa ganzi."

Shamte akatafuta penye uzito. Ilikuwa ile miaka sita ya Riziki, dada yake aliyefariki mdogo; mama alihifadhi hata kikohozi chake. Akaifuta. Kompyuta ikasoma mafaili yote, na dawa ikaletwa mchana huohuo.

Ijumaa Bi Mashavu alirudi kutoka makaburini, asumini zake bado mkononi.

"Mlinzi amenizuia getini. Eti sijawahi kuwa na mtoto aitwaye Riziki. Ulifuta nini, Shamte?"

Kwa sheria, kisichomo kwenye faili hakikutokea, na anayekikiri hufutwa naye. Taa ndogo ya maikrofoni ya kompyuta ilikuwa inawaka. Shamte alivuta dawa kwenye sindano, akaipima kwa makini.

"Lete mkono, mama," alisema. "Riziki ndiye nani?"