Uzi wa Kitabu cha Mvumo

Ng'ombe wa kukokota gari walikuwa wameshafungwa nira, lakini Mchungaji Tilney, aliyekuwa akirudi kwao ng'ambo, bado alikuwa amesimama kizingitini kwa mzee Sokkalingam. Kanisa lake la Methodisti lilimtuma kuhubiri, naye akaishia kukaa mkekani na mzee huyu miaka ishirini na miwili, wakitafsiri tenzi za Kitamili.

"Haya, aga basi, Mchungaji," mzee alisema.

Katika mji ule wa Watamili mtu haagi kwa kusema anaondoka. Husema, "Nakwenda, nitarudi," hata kama anakwenda kisimani tu. Kusema vinginevyo ni kuitakia nyumba msiba. Tilney aliyajua maneno hayo tangu wiki yake ya kwanza. Lakini daktari alishamwambia kifua chake hakitastahimili safari nyingine baada ya hii, na yeye hakuwahi kumdanganya mzee huyu, hata katika ubeti mmoja.

"Mwalimu," alisema, lakini "nitarudi" hakulitamka.

Sokkalingam akaingia ndani, akatoka na kitabu ambacho hawakuwahi kumaliza kukitafsiri, majani makavu ya mti wa mvumo yaliyoandikwa tenzi na kutungwa kwenye uzi. Akauchomoa uzi taratibu, akamwekea majani mikononi.

"Nimekuazima, sikukupa," alisema. "Uzi unabaki kwangu. Siku ukikirudisha, tutakifunga."

Gari likaondoka. Barabara ilikuwa na mashimo, na Tilney aliyakumbatia majani kifuani kwa mikono yote miwili, hata asiweze kupunga mkono. Mlangoni, mzee alikuwa akiuzungusha uzi kidoleni, anaufungua, anauzungusha tena.