Ukili wa Mama

Kila anayetimiza miaka sitini husafishwa kumbukumbu: muda aliopoteza huondolewa ili uzee uwe mwepesi. Kofia ya mashine ilipowekwa kichwani mwa Bi Riziki, nyumbani kwake, iliwaka nyekundu kwenye miaka aliyomuuguza mama yake.

"Hapa hukuzalisha chochote, bibi," mpimaji alisema kwa upole. "Kila siku unasuka ukili uleule wa mkeka."

"Mama alikuwa akiufumua jioni. Alishasahau hata jina langu, lakini akifumua anacheka. Asubuhi nasuka upya. Miaka hiyo huiondoi."

"Sheria haichagui."

"Basi rudi na askari."

Dada yake Mwanasha, aliyekwisha kusafishwa, alimshika bega. "Mdogo wangu, acha ukaidi. Mimi siku hizi nalala fofofo."

"Dada, wewe ndiye uliyekuwa ukimwimbia mama akifumua. Uliimba nini?"

Mwanasha alitabasamu, akafikiri, tabasamu likamganda mdomoni.

Bi Riziki aliivua kofia, akamrudishia mpimaji. Kisha akautoa ukili uvunguni mwa kitanda, akamwekea dada yake mapajani.

"Kaa. Leo nitaimba mimi."

Vidole vya Mwanasha vilianza kufumua kabla mwenyewe hajajua kwa nini.