Kumkataa Malale

Saa tatu asubuhi Malale alikuwa ameshakaa kwenye banda la baraza la kijiji, kofia ameiweka gotini, na mshtakiwa mwenyewe alikuwa hajafika.

Ngusa alimwona tangu barabarani. Akapunguza mwendo.

"Yule pale," alimwambia mkewe. "Amekuja kunimaliza."

"Baba Kulwa, leo mwache mtu amalize, ndipo uongee," Hana alisema.

"Mwaka juzi nilimwacha akamaliza. Nilipata nini?"

Mwaka juzi, katika banda hilohilo, Malale alieleza kwamba aliwaona ng'ombe wa Ngusa ndani ya mahindi ya Thadei. Alisema alichokiona, akakaa. Ngusa hakujibu neno, na dume lake kubwa likaenda kwa Thadei kuwa fidia. Tangu hapo, kila alipofungua zizi, Ngusa alijuta. Hakujutia mahindi. Alijutia kunyamaza.

Safari hii jambo lilikuwa zito zaidi. Jumatano alasiri moto uliteketeza mpunga wa Thadei, wote ukiwa umeshavunwa na kurundikwa shambani, na watu wawili walidai kumwona mfugaji mrefu akitoka upande ule. Ngusa alikuwa mrefu. Saa ile alikuwa lamboni akinywesha mifugo yake, lakini ng'ombe hawatoi ushahidi. Baraza likimtia hatiani, kijiji kitamtenga: hakuna wa kumsalimia, hakuna wa kumwazima jembe, hakuna wa kukanyaga msibani kwake. Na mama yake alikuwa kitandani tangu Pasaka. Siku hizi alikataa hata uji.

Mzee Methusela, mwenyekiti, aligonga meza.

"Tuanze. Malale ameomba kusema juu ya Jumatano. Ngusa, una neno juu ya shahidi huyu?"

Swali hilo Ngusa alilingoja tangu mwaka juzi.

"Ninalo, mzee. Namkataa."

"Hujamsikia."

"Namjua. Jumatano huyu hakuona kitu. Alikuwa amelewa kilabuni kwa Sikujua, toka mchana hadi jua linazama. Sikujua mwenyewe yupo, muulizeni."

Sikujua, mpika pombe, alikuwa binamu yake. Maneno walikuwa wameyapanga jana yake, endapo Malale angejitokeza. Alisimama, akajifunga kanga upya.

"Nyie wazee, alikuwa kwangu. Amelala nyuma ya pipa, kuku wanamparua mgongo wakidhani gunia la pumba."

Banda likacheka. Ngusa alikitazama kicheko kile kikimwingia Malale usoni, na hakutaka kiishe upesi.

"Mwenyekiti," Malale alisema, "mimi Jumatano nilikuwa—"

"Ulikuwa nyuma ya pipa," Ngusa alimkata. "Au tumwite jogoo athibitishe?"

Wakacheka tena. Mwenyekiti alisubiri watulie.

"Ngusa, fikiri. Hapa shahidi akikataliwa kwa kuitwa mwongo, harudi tena katika shauri hilo. Si kazi yangu kumsemea mtu. Nikupe nafasi umsikilize kwanza?"

Ngusa aliisikia huruma katika sauti ile, ikamchoma. Mzee alikuwa akimbeba Malale mchana kweupe.

"Sitaki. Afadhali fisi anisemee kuliko huyu. Neno lake juu ya Jumatano ni uongo, hata kabla hajalitoa. Naapa kwa mama yangu aliyelala pale nyumbani."

Wazee wa baraza waliinamiana, wakanong'ona. Hakuna aliyesimama kumpinga Sikujua, nao hawakuwa na sababu ya kumkatalia Ngusa.

"Baraza limekubaliana na Ngusa," mwenyekiti alisema. "Malale hatasikilizwa."

Malale aliinuka, akavaa kofia. Alipofika mbele ya Ngusa alisimama.

"Haya, ndugu yangu. Umesema mwenyewe."

Akashika njia ya kwake. Ngusa alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea nyuma ya nyumba za walimu, kisha akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu dume liondoke, kifua chake kilikuwa chepesi.

"Sasa," mwenyekiti alisema, "niletee mwingine."

"Mwingine nani, mzee?"

"Shahidi wako. Uliyekuwa naye ndiye huyo katoka. Alikuja kwangu alfajiri, hakuitwa na mtu, akasema moto ulipoanza alikuwa ng'ambo ya lambo, akakuona unanywesha."

 Kisha mwenyekiti akamwambia Thadei alete mashahidi wake.