Chakula cha Mke Mwenza

Bwana Shekue akirudi nyumbani, hata viatu hajavua, huuliza: "Zena, ua limekula?"

Mkewe anaitwa Rukia. Zena ni mke wake wa kwanza, marehemu, aliyeacha chungu cha ua lililotambaa kutoka juu ya kabati, likapita juu ya pazia, likaizunguka picha yake ukutani.

"Limekula, mume wangu," Rukia hujibu.

Na kweli limekula. Muuza mbolea alimwonya kwamba kijiko cha chai kinatosha ndoo nzima ya maji, ukizidisha, mizizi huungua. Rukia hulitilia mbolea upawa mzima wa kupakulia mchuzi, tena kavu bila maji, huku akilibembeleza: "Kula, mke mwenzangu. Kula ushibe."

Leo majani yaliyoizunguka picha yamekauka. Shekue alishika moja, likavunjika mkononi kama papari. Machozi yakamlengalenga.

"Lina njaa, masikini," akasema. "Liongezee, Rukia."

Tangu amuoe, leo ndiyo kwanza amwite kwa jina lake. Rukia akabaki kasimama na upawa umejaa mbolea, umeinama kidogo, chembe nyeupe zikidondoka moja moja chunguni.