Hotuba ya Saa ya Chakula

Nawe ulikuwepo, usijifanye unatazama dirishani. Ulimwona Baba Hotuba akipanda juu ya kreti saa ya chakula, ukasema moyoni: leo ndiyo leo.

Katika kiwanda kile cha nguo, weusi walikaa chini, kwenye mvuke wa pasi. Weupe walikaa ghorofani, kwenye feni na usimamizi. Mama Mvuke, shemeji yake Baba Hotuba, ndiye aliyewafundisha kazi wasimamizi wake wote, kisha akawatazama mmoja mmoja wakipanda ngazi. Sasa wapiga pasi walikuwa wamekubaliana tena: saa ya chakula wapande wote, wakae ghorofani mpaka wajibiwe ni lini mweusi naye atasimamia.

"Shemeji, maneno mawili tu, twende," Mama Mvuke alimwomba. "Ngazi haipandwi kwa mdomo."

Baba Hotuba akamtuliza, akisema kwamba watu hawapandi na moyo baridi. Hotuba mashuhuri za waliopigania usawa wa rangi alikuwa nazo kichwani, neno kwa neno. Pale shujaa alipokohoa, naye alikohoa. Akanywa maji ya uvuguvugu, akaitupia jicho saa ya ukutani, akaanza.

Lo, alisema mtu yule! Akawalilia waliouzwa, akanguruma kwa niaba ya waliofungwa, kisha akashusha sauti kama anayebembeleza mtoto. Wanaume wazima wakafuta macho kwa mashati waliyokwisha kuyanyoosha. Mama Mvuke, mguu mmoja ukiwa tayari ngazini, akaurudisha chini ili asikie vizuri. Kila walipodhani amemaliza, alifungua hotuba nyingine.

Kengele ikalia. Miguu, kwa mazoea yake, ikarudi kwenye pasi. Walifanya kazi wakisinasina, mioyo myepesi kama ya watu waliokwisha kushinda.

"Kesho, shemeji," Baba Hotuba alisema, akipangusa jasho.

"Hata jana ulisema kesho."

Baba Hotuba akageuka. Alipanda ngazi peke yake, taratibu, akishika ukingo. Juu kule meneja alimvutia kiti chini ya feni, akammiminia chai.

"Leo umeniliza hata mimi," meneja alisema. "Sasa, kaka yangu naye wafanyakazi wake wameanza kusumbua. Jumatatu utapata nafasi ukawahutubie?"

Nawe uliyepiga makofi, futa machozi. Ngazi ile pale. Panda.